Seti Nzima ya Nini? Kuchagua Vitabu vya Maarifa kwa Watoto wa Shule

Shule ikipata fedha kidogo za maktaba, swali linalokuja mezani huwa ni "tununue seti gani?" Mfululizo wa vitabu kumi au ishirini wenye migongo ya rangi moja unapendeza kwenye rafu. Mgeni akija anaona maktaba imejaa, na muuzaji anapunguza bei ukibeba yote. Mimi nasimamia maktaba ndogo ya shule ya msingi upande wa Temeke, na katika kazi zangu zote hakuna ninayoipenda kama hii ya kuchagua vitabu vya maarifa: sayansi, jiografia, historia, wanyama, mwili wa binadamu, vyote visivyo vya hadithi. Msimamo wangu ni kwamba seti isinunuliwe kwa useti wake. Kila kitabu kihojiwe peke yake, na swali la kwanza liwe hili: je, kinamwonyesha mtoto jinsi jambo lilivyojulikana, au kinamwambia tu ameze?

Inafaa kujua mifululizo hii inavyotengenezwa. Mchapishaji huanza na umbo. Kurasa 32, au 48, kwa sababu karatasi kubwa za kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya kurasa nane au kumi na sita. Kila mada hupewa kurasa mbili zinazotazamana, picha kubwa katikati, visanduku vya "Je, wajua?" pembeni. Baada ya hapo ndipo hutafutwa waandishi, na mara nyingi kila kitabu huwa na wake. Ndiyo maana ndani ya mfululizo mmoja utakuta kitabu cha volkano kilichoandikwa na mtu aliyeipenda mada yake, na cha mito ambacho kimejazwa kurasa tu. Jalada linafanana, kilichomo hakifanani.

Umbo hilo pia hulazimisha mada zisizolingana zikae kwenye nafasi inayolingana. Nimeshika mifululizo ya nchi za dunia ambamo Ufaransa ina kitabu chake, Japani ina chake, halafu "Afrika", bara la nchi 54, imepewa kitabu kimoja chenye kurasa zilezile 32. Mtoto wa Mbagala akikipanga kando ya vile vingine, ameshafundishwa jambo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Kitabu cha namna hiyo sikinunui, hata picha zake ziwe nzuri vipi.

Turudi kwenye swali langu. Chukua umri wa Dunia. Karibu kila kitabu cha sayansi ya watoto kitaandika kwamba Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, kisha kitaruka kwenda kwenye mada inayofuata. Kitabu kizuri husimama hapo kidogo. Kinaeleza kwamba ndani ya miamba na vimondo kuna madini ya urani, na kwamba urani hugeuka polepole kuwa risasi kwa kasi inayojulikana, hivyo ukipima kiasi cha kila kimoja unaweza kukokotoa muda uliopita. Sentensi tatu au nne zinatosha. Mtoto wa Darasa la Sita anaielewa hoja hiyo kabisa, na akiielewa hatakuwa tena mtu wa kuambiwa lolote na kulikubali kwa kuwa limechapwa. Katika mji ambao habari za uongo zinazunguka kwenye simu kuanzia asubuhi hadi usiku, sioni zawadi kubwa kuliko hiyo tunayoweza kumpa mtoto wa miaka kumi na moja.

Swali hilo lina pacha wake: je, mtoto akiwa hapa Dar es Salaam anaweza kukipima kitabu kwa macho yake? Vitabu vingi vya mfululizo tunavyovipata vimeandikwa Uingereza au Marekani. Hilo si kosa; vingine ni bora sana. Lakini anga lake ni la huko. Mada za kwanza ninazozifungua kwenye kitabu chochote cha anga ni tatu, na ninawaomba walimu wenzangu wazijaribu.

Ya kwanza ni kivuli. Kitabu kikisema kwamba adhuhuri jua huwa upande wa kusini, kimeandikwa kwa ajili ya watu walio mbali kaskazini mwa ikweta. Sisi tuko kusini yake kidogo, karibu nyuzi saba. Mwezi Juni, kwenye saa sita na nusu mchana, jua letu liko upande wa kaskazini, na kivuli cha kijiti kilichosimikwa uwanjani kinaelekea kusini. Desemba kivuli hicho kinageuka, kinaelekea kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua linapita utosini na kijiti kilichonyooka karibu kinakosa kivuli. Nimewatoa watoto nje na kitabu mkononi. Binti mmoja wa Darasa la Tano aliinama juu ya kijiti, akaangalia ukurasa, akaangalia tena chini, akasema, "Mwalimu, kitabu kinasema kwao, siyo kwetu." Sikuwa na la kuongeza. Kitabu hicho tumekibakiza, kwa sababu kilikuwa kimeeleza vizuri kwa nini Dunia imeinama kwenye mhimili wake, na kwa maelezo hayohayo watoto waliweza kukokotoa kwa nini kwetu ni tofauti. Kimoja kingine katika seti hiyohiyo kiliamrisha tu kwamba jua liko kusini, bila sababu. Hicho hatukukichukua.

Ya pili ni mwezi. Picha za hatua za mwezi katika vitabu vya kutoka Ulaya huchora hilali imesimama wima. Mtoto wa hapa, ambaye amepanda juu ya paa na baba yake kutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani, anajua kwamba hilali yetu mara nyingi imelala chali kama ngalawa. Asipopata kitabu kinachoeleza kwamba mwonekano huo unategemea mahali uliposimama, atadhani ama macho yake yana kasoro ama sayansi ni mambo ya wengine.

Ya tatu ni ile shughuli ya "toka nje usiku utafute Nyota ya Kaskazini". Kutoka Dar es Salaam haionekani, iko chini ya upeo wa macho. Kitabu kinachosema hivyo waziwazi, au kinachoelekeza pia Msalaba wa Kusini, kimeandikwa na mtu aliyekumbuka kwamba dunia ni kubwa.

Majira nayo nayaangalia, ingawa kwa haraka zaidi, maana hapa kosa linaonekana mapema. Kitabu cha hali ya hewa kinachosema mwaka una majira manne bila kutaja mahali kinamwacha mtoto anayejua masika na vuli, kipupwe na kiangazi, pepo za kusi na kaskazi, akiwa hana pa kushika. Vivyo hivyo magonjwa: nimewahi kupitia kitabu kizima cha vijidudu, chenye mafua na kuoza kwa meno, ambacho hakina neno juu ya malaria wala kichocho. Na lishe: chakula bora si lazima kiwe maziwa na nafaka za kwenye boksi. Dagaa na mchicha vinatosha kufundishia protini na madini ya chuma.

Ila kuna mada moja ambayo mimi naifanya mtihani mkuu, na watoto wenyewe ndio walionipeleka huko kwa kuipenda kwao: dinosaria. Hakuna mfululizo wa sayansi ya watoto usio na kitabu cha dinosaria. Mimi nafungua faharasa na kutafuta neno moja tu, Tendaguru.

Tendaguru ni kilima kilichoko Lindi, takriban kilomita 60 kutoka mjini. Kati ya 1909 na 1913, wakati nchi iko chini ya Wajerumani na miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji, yalichimbuliwa hapo mabaki ya dinosaria kwa wingi wa ajabu. Mamia ya watu wa huko waliajiriwa kuchimba. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye jina lake linatajwa katika kumbukumbu za msafara wenyewe. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Mmoja wa wanyama hao, ambaye leo wanasayansi wengi wanamwita Giraffatitan, amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la huko akiwa na urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Amekuwa akionyeshwa tangu 1937.

Vitabu vingi vinamwonyesha mnyama huyo na kuandika chini ya picha yake neno "Afrika", au "Berlin", basi. Vichache vinaandika Tanzania. Nikikutana na kinachotaja Tendaguru naanza kukiheshimu. Nikikutana na kinachotaja waliochimba na waliobeba, nakinunua. Tuweke mapenzi ya nchi pembeni kwanza. Sababu ni ileile ya swali langu: mfupa haukujileta makumbusho. Kuna mtu aliyeuona umechomoza ardhini, mwingine aliyeufukua kwa brashi asiuvunje, mwingine aliyeufunga, aliyeubeba, aliyeuchora, aliyeulinganisha na mwingine. Mtoto akiona mnyororo huo wote anaelewa kwamba maarifa ni kazi inayofanywa na mikono ya watu, na kwamba baadhi ya mikono hiyo ilikuwa ya watu wa Lindi. Kitabu kinachoanza na mnyama akiwa ameshasimama kwenye ukumbi kimeficha sehemu tamu ya habari.

Sasa tufungue ule ukurasa ambao wanunuzi wengi huuruka, wenye hakimiliki na maandishi madogo. Hapo nasoma mwaka, na nautofautisha mwaka wa toleo na mwaka wa chapa. Kitabu kilichochapwa upya 2015 kinaweza kuwa na maneno yaleyale ya 1994. Chapa mpya ni karatasi mpya tu, toleo jipya ndilo lililorekebishwa. Natafuta pia jina la mshauri wa kitaalamu. Kitabu cha papa kilichosomwa na mtaalamu wa viumbe vya bahari nakiamini kuliko kile ambacho hakikusomwa na yeyote. Na namba ya ISBN, ile ya utambulisho wa kitabu, inasema kitu: baada ya 978, ukiona 9976 au 9987, hicho kimetolewa na mchapishaji wa Tanzania.

Mwaka una maana kubwa hapa mjini kwa sababu vitabu vingi tunavinunua mtumba, vile vinavyotandazwa kando ya barabara Posta na Kariakoo. Sivikatai, vimeokoa maktaba nyingi. Ila kuna kurasa za kufungua kabla hujatoa hela. Kwenye kitabu cha sayari, angalia Pluto. Agosti 2006 wanaastronomia waliiondoa kwenye hesabu ya sayari kuu na kuiita sayari kibete, kwa hiyo kitabu chenye sayari tisa ni cha kabla ya hapo. Kwenye ramani ya Afrika, angalia Sudan kama bado ni moja, maana Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, na angalia Eswatini, iliyobadili jina 2018. Na kwenye ukurasa wa Tanzania, tazama mji mkuu. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973 na sheria ya kuitangaza ni ya 2018, lakini bado nakutana na vitabu vinavyong'ang'ania Dar es Salaam.

Hata hivyo, kuchakaa hakufanani. Idadi ya miezi ya Zohali inapanda kila darubini zinapoboreshwa, na mwaka 2025 ilifika 274. Hakuna kitabu kitakachoikimbiza. Kinachotenganisha kizuri na kibaya ni maneno machache: "hadi kitabu hiki kinaandikwa, inayojulikana ni..." Mwandishi aliyeandika hivyo amemwambia mtoto kwamba kazi inaendelea. Kitabu cha miaka ishirini iliyopita chenye tabia hiyo nitakiweka rafuni kabla ya kipya kinachotamka kila namba kama amri.

Lugha ndiyo inayowaumiza kichwa walimu wengi. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza mtoto anaingia kwenye Kiingereza. Mifululizo ya nje huja na alama za ngazi, herufi au namba, ambazo zimepimwa kwa watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Mimi sizifuati. Natumia vidole. Mtoto anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, na kila akikwama kwenye neno ananyoosha kidole. Vikifika vitano, kitabu hicho bado kizito kwake akiwa peke yake. Kwa watoto wa Darasa la Saba na wa kidato cha kwanza na cha pili natafuta kitu ambacho wachapishaji wengi hawakifikirii: Kiingereza chepesi chenye mada ya kiutu uzima. Kijana wa miaka kumi na nne aliyejifunza usanisinuru kwa Kiswahili hataki kitabu cha katuni ya jua linalotabasamu. Anataka maelezo yenye heshima, kwa sentensi fupi. Ukikuta mfululizo wa namna hiyo, usiuachie.

Na angalia maelezo ya picha. Watoto huingia kwenye kitabu cha maarifa kupitia picha. Nawaona kila siku, hawaanzi ukurasa wa kwanza. Wanafungua katikati, wanasoma kile kilichoandikwa chini ya picha, ndipo wanaamua kubaki au kuondoka. Maelezo yakiwa "Tembo akinywa maji", mtoto hajapata kitu alichokuwa hajakiona. Yakisema kwamba tembo huvuta maji kwa mkonga kisha huyamimina kinywani, hawezi kunywa kwa mkonga kama mrija, mtoto anamwita mwenzake aje aone. Na picha iwe na kipimo. Kupe aliyekuzwa akajaza ukurasa bila kuandikwa ukubwa wake halisi ni jitu la kutisha, siyo elimu.

Kuhusu mwili wa kitabu nitasema kidogo, lakini hela nyingi hupotelea hapo. Joto na unyevu wa pwani havina huruma. Vitabu vyembamba vilivyobanwa kwa pini hushika kutu, na kutu hula karatasi ya katikati. Vya gundi tupu hufunguka mgongo, kurasa zikaanza kudondoka moja moja. Vilivyoshonwa kwa uzi ndivyo vinavyodumu. Kifungue katikati, tazama kama unaona uzi.

Muuzaji wangu mmoja wa Posta, ambaye sasa tunaelewana, mwanzoni alikuwa akilalamika. "Mwalimu, usinivunjie seti. Ukichukua vitatu, hivi vilivyobaki nitamuuzia nani?" Nikamwambia, "Kaka yangu, nipe kwanza nikae hapa nivisome, na nitakavyovichukua nitakulipa bila kuvutana." Akanipa kigoda. Nilichukua cha miamba, cha wadudu na cha mifupa, nikaacha vingine vyote. Hela iliyobaki nilinunua nakala za pili za vitabu hivyohivyo, maana kitabu kizuri kimoja kwa darasa la watoto zaidi ya sabini hakimfikii mtu. Na vikifika maktabani sivipangi pamoja. Cha dinosaria kinakwenda 567, cha miamba 552, cha mwili wa binadamu 612, kwa mpangilio uleule wa Dewey, wa kuipa kila mada namba yake, unaotumika kwenye maktaba nyingi. Kikikaa kando ya vitabu vingine vya mada yake, mtoto anaweza kulinganisha: hiki kinasema hivi, kile kinasema vile, nani ana ushahidi? Mfululizo ukiwekwa pamoja unabaki kuwa pambo.

Ninaloliona kama pengo kubwa ni Kiswahili. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza 1991, na kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota ya hapa Dar es Salaam ilianzishwa mwaka huohuo, kwa hiyo hatuanzii sifuri. Hadithi tunazo. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo, lakini kazi yake ni muhtasari na mtihani. Kinachokosekana ni kitabu cha ziada cha Kiswahili ambacho mtoto anakichukua kwa hamu yake mwenyewe, kuhusu mikoko ya Rufiji na kwa nini mizizi yake inachungulia nje ya tope, nyayo za watangulizi wa binadamu huko Laetoli zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita na namna umri huo ulivyopimwa, reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 na watu waliotoboa mahandaki yake, barafu ya Kilimanjaro na kwa nini inapungua. Wachapishaji wanaosoma hapa, nawaomba msianze na mfululizo wa vitabu ishirini. Anzeni na kimoja. Mpeni mwandishi anayeipenda mada yake kurasa zote anazozihitaji, mtafutieni mtaalamu wa kuisoma rasimu, kisha ileteni kwa watoto kabla haijakwenda kiwandani. Maktaba yangu iko wazi kila siku ya shule baada ya kengele ya saa nane, na wasomaji wa kuijaribu ninao.